Shahada Iliyobaki Njiani

Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inapofungua dirisha la udahili, magazeti hujaa habari za vijana waliotoka kidato cha sita: nani kapata, nani kakosa, nani kachaguliwa vyuo viwili na anatakiwa kuthibitisha kimoja. Kuna kundi jingine linalolisubiri dirisha hilohilo kimyakimya. Ni watu wa miaka thelathini na tano, arobaini, hamsini na ushei. Wana kazi, wana watoto, baadhi wana wajukuu. Ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya kiwanja, wameweka karatasi iliyokunjwa mara nne yenye majina ya kozi na alama za mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu haupo. Ada iliisha, au mimba iliingia, au mzazi alifariki, au walidisko kwa masomo mawili, wakaondoka wakisema watarudi. Nami nilikuwa mmoja wao, na shahada yangu ya kwanza niliipata ukubwani. Visa vyangu sitavisimulia hapa, kwa kuwa kila aliyepita njia ile ana vyake. Ninachokileta ni hoja niliyotoka nayo katika miaka ile, ambayo hunirudia kila ninapomsikia mtu mzima akiuliza chuo gani ni rahisi.

Swali hilo limekosewa katika neno lake la mwisho. Urahisi una sura mbili, nasi tumezoea kuziita kwa jina moja. Kuna urahisi wa kukifikia chuo: kuingia bila kuacha kazi, kusoma usiku, kulipa kidogokidogo, kuahirisha muhula mtoto anapolazwa na kurudi bila kuanza upya. Na kuna urahisi wa kukitoka: mtihani usiosahihishwa kwa makini, ripoti ya utafiti iliyonunuliwa kwenye duka la fotokopi, alama zinazokuja kwa kuwa ada imelipwa. Urahisi wa kwanza ni haki ya mtu mzima. Wa pili unamwibia, hata kama siku ya mahafali atapiga picha akicheka. Hoja yangu yote ni kwamba chuo cha kumalizia shahada ni kile kinacholegeza muda, mahali na mlango wa kuingilia, huku kipimo cha kutokea kikibaki kilekile anachopimwa nacho kijana wa miaka ishirini na mbili anayelala bwenini. Ukikishika kigezo hicho, maswali ya ada, umbali na jina la chuo nayo yatajibika kwa mpangilio wake.

Kigezo hiki hakikubuniwa juzi. Mwaka 1963 Harold Wilson alipendekeza kwa Waingereza chuo kikuu kitakachowafuata watu majumbani mwao, na mwaka 1969 Open University ikapewa hati yake ya kifalme. Wanafunzi wa kwanza walipoanza mwaka 1971, hawakudaiwa vyeti vya sekondari ya juu ili waingie. Walidaiwa kufaulu ili watoke. Mlango uliachwa wazi upande mmoja tu, na hilo ndilo lililoifanya shahada yake iheshimiwe. Afrika Kusini kuna mfano unaogusa zaidi. Nelson Mandela aliondoka Fort Hare mwaka 1940 baada ya mgogoro na uongozi wa chuo, akaimalizia shahada yake ya kwanza kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, na kutunukiwa mwaka 1943. Mwaka huohuo alianza sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Shahada hiyo ya sheria hakuipata mpaka 1989, tena kupitia chuo kilekile cha posta, akiwa mfungwa mwenye umri wa miaka sabini. Tangu alipoanza hadi alipomaliza ni miaka 46. Wapo wanaosema chuo kinachomruhusu mtu akae muda mrefu hivyo kinashusha hadhi ya elimu. Ningependa wanionyeshe ni kitu gani kilishuka pale.

Hapa kwetu Bunge lilitunga Sheria Namba 17 ya 1992 iliyokianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na wanafunzi wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1994. Aliyekabidhiwa kukiongoza kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, alikuwa amekwisha kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jambo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Serikali haikumtafuta mtu wa kuendesha chuo cha daraja la pili kwa ajili ya watu wa daraja la pili. Ilimchukua mtu aliyekijua kipimo cha Mlimani na kumpa kazi ya kukipeleka kipimo hicho mikoani.

Kabla ya Huria, nchi hii ilishathubutu jambo kubwa zaidi, ambalo vijana wengi wa leo hawajalisikia. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza, angalau miaka miwili, kisha aombe akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya chama. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo mwanafunzi tunayemwita leo si wa kawaida ndiye aliyekuwa wa kawaida: mtu aliyekwisha kusimama mbele ya darasa, kukaa ofisini au kupelekwa wilayani, ndipo akakaa kwenye kiti cha mhadhara. Nikilitazama Azimio lile naona mafunzo mawili yanayovutana. La kwanza ni kwamba tulishaamini, kama taifa, kuwa kazi humwongezea mwanafunzi kitu wala haimpunguzii. La pili ni kwamba kanuni ile iliwaumiza mabinti kuliko wavulana. Idadi yao ilipungua, na haukupita muda mrefu wakaruhusiwa tena kuingia moja kwa moja. Kumwambia binti wa miaka ishirini asubiri miaka miwili, katika jamii yetu, mara nyingi kulikuwa ni kumkabidhi kwenye ndoa na uzazi kabla hajakiona chuo. Kusubiri hakuwagharimu watu wote bei moja. Ndiyo maana nasema mfumo unaomfaa mtu mzima usimlazimishe yeyote kuchelewa, na asije akaadhibiwa aliyechelewa. Wale mabinti waliolewa, walizaa, watoto wamekua.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe, kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, na hesabu yake haihitaji zaidi ya kalamu. Katika mfumo wetu wa sifa, krediti moja huhesabiwa kuwa saa kumi za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Hizo ni saa 3,600. Mchukue mwalimu wa shule ya msingi anayefika nyumbani saa kumi jioni, akapika, akakagua madaftari ya wanawe, akakaa mezani saa mbili usiku. Akipata saa mbili kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na saa tano Jumamosi, wiki yake ina saa 15. Tumwondolee wiki nne za misiba, harusi, usimamizi wa mitihani ya darasa la saba na homa. Zinabaki wiki 48, yaani saa 720 kwa mwaka. Atahitaji miaka mitano kamili. Akiwa na mwaka mmoja wa masomo ya zamani unaokubalika, yaani krediti 120, atabakiwa na saa 2,400, sawa na miaka mitatu na miezi minne. Chuo kinachomwahidi mtu huyuhuyu shahada nzima kwa miaka miwili, bila kumwondoa kazini, kinamwambia bila kutamka kwamba kuna saa ambazo hazitasomwa na hakuna atakayeuliza. Ndiyo sababu naithamini kanuni ya Chuo Kikuu Huria ambayo kwa miaka mingi imemruhusu mwanafunzi wa shahada ya kwanza kufika hadi miaka minane. Aliyeitunga aliijua siku ya mtu mwenye kazi.

Najua kuna wanaoipinga kanuni kama hiyo, na wana jambo la maana la kusema. Wanasema muda mrefu humlaza mtu: kila muhula anaahirisha, mwisho anapotea, na vyuo vya masafa duniani kote vina wanaoanza wengi kuliko wanaomaliza. Ni kweli. Wanaoacha katika elimu ya masafa ni wengi kuliko katika elimu ya ana kwa ana, na hapa kwetu haiko tofauti. Lakini tuitazame sababu vizuri kabla ya kuandika dawa. Mtu haachi kwa kuwa amepewa miaka minane. Anaacha kwa kuwa amekaa miezi sita bila mtu hata mmoja wa chuoni kumuuliza yuko wapi, kazi aliyoituma haikurudi na maelezo, na matokeo ya somo moja yamekwama mahali ambapo hakuna anayepajua. Dawa yake ni vituo vya njiani: jaribio lenye tarehe, mkutano wa ana kwa ana kila muhula, mwalimu mwenye jina na namba inayopokelewa. Kwa hiyo anayechagua chuo asiulize tu nina miaka mingapi ya kumaliza. Aulize pia: nikinyamaza miezi mitatu, nani atanitafuta? Chuo kisicho na jibu la swali hilo kitakubakisha kwenye orodha yake mpaka ukome mwenyewe.

Linalofuata ni ile karatasi ya kwenye bahasha. Kwa mtu anayemalizia, hati ya matokeo ndiyo mali aliyonayo, na vyuo huithaminisha kwa namna tofauti kabisa. Ukiikunjua utaona safu tatu: alama za utambulisho wa kozi, uzito wa kila kozi, na daraja ulilopata. Mwombaji huitazama safu ya tatu, akaona haya kwa zile C. Mkuu wa idara makini huanza na ya kwanza, kisha anaomba kitu ambacho wengi hawakukihifadhi, yaani maelezo ya kilichofundishwa katika kila kozi. Bila maelezo hayo hawezi kujua kama Takwimu ya chuo kile ni Takwimu ya chuo chake. Hapa kuna mtego niliouona ukiwanasa watu werevu. Chuo kinaweza kusema kimezikubali krediti zako zote, kisha kikaziweka zote kwenye fungu la masomo ya hiari, na masomo ya lazima yakabaki palepale kama ulivyoyaacha. Krediti za aina hiyo hazipunguzi hata wiki moja ya safari. Swali la kuuliza ni krediti zangu ngapi zimechukua nafasi ya kozi za lazima, na ni kozi zipi nitakazosoma tangu leo mpaka siku ya mwisho. Lijibiwe kwa maandishi yenye muhuri. Chuo kinachosita kuandika jibu lake kabla hujalipa ada kimekwisha kukujibu.

Lipo pingamizi linalotoka upande wetu wenyewe, wa watu wazima. Tunasema: nimefanya kazi hii miaka ishirini, nawafundisha hao vijana wenye shahada, kwa nini nisome tena ninachokijua? Nalielewa lalamiko hili kwa moyo wote, na sehemu yake ni ya haki. Mifumo yetu imeanza kulisikia. Tume ya Vyuo Vikuu ina utaratibu wa kumtambua mwombaji kwa maarifa aliyoyapata nje ya darasa. Kwa mafundi wa gereji, useremala na umeme, VETA hurasimisha ujuzi walioupata mitaani. Makerere kwa miaka mingi imekuwa na mtihani wa kuingilia kwa waliotimiza miaka 25 ambao hawakupita njia ya kawaida. Katika yote matatu kuna jambo moja: mtu hupimwa. Fundi husimamishwa mbele ya injini. Mwombaji hukaa kwenye dawati akaandika. Miaka ya kazi peke yake haihesabiwi, kwa sababu miaka haisemi umejifunza nini. Wapo wauguzi ambao miaka kumi wodini imewafanya wajue kuliko daktari mgeni, na wapo waliokaa miaka hiyohiyo wakijaza madaftari ya zamu. Kinachowatenganisha ni kipimo, na muuguzi yule wa kwanza hana sababu ya kukiogopa. Tudai tupimwe mapema tunachokijua, tusirudie. Tukidai tusipimwe kabisa, tutakuwa tumeomba ule urahisi wa pili.

Kuhusu ada nitasema maneno machache lakini ya wazi. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imekuwa ikimtaka mwombaji asizidi umri wa miaka 35 na asiwe na ajira inayompa mshahara. Kwa masharti hayo, takribani kila mtu ninayemwandikia hapa yuko nje. Atajilipia mfukoni, kutoka kwenye mshahara uleule unaolipa ada za watoto. Ndiyo maana kwake namna ya kulipa inazidi kiasi cha ada. Chuo kinachotoza kwa kozi, ukalipia mbili ukiwa nazo na nne ukiwa nazo, kinaweza kumfikisha mwisho hata kama jumla yake ni kubwa. Chuo cha bei nafuu kinachotaka ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kikamfungia nje ya chumba cha mtihani kwa deni la laki moja, kitamrudisha palepale alipoachia miaka kumi iliyopita. Mtumishi wa umma ana jambo jingine la kutazama kabla ya yote, nalo ni ruhusa ya mwajiri. Mwalimu wa cheti huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, wa stashahada C, wa shahada D. Anayesoma bila barua ya ruhusa anaweza kufika na cheti chake halmashauri akakuta muundo wake haubadiliki, na miaka yote ile ikahesabiwa kuwa shughuli yake binafsi. Barua hiyo itangulie fomu ya chuo.

Sasa umbali. Nitaambiwa kwamba suala hili limekwisha, kwa kuwa kila kitu kiko kwenye simu. Mwaka 2020 korona ilipofunga vyuo, hata vile vilivyoibeza elimu ya masafa vilijifunza kufundisha kupitia intaneti, na Kenya ikaenda mbele hadi kukipa hati chuo chake huria mwaka 2023, chenye makao yake Konza. Nafurahia hatua hiyo, na natamani ingekuja miaka thelathini mapema. Hata hivyo mhadhara unaweza kuingia kwenye simu, lakini kuna mambo ambayo bado yanahitaji mahali. Kitabu cha kurejea hakiko chote mtandaoni. Bando huisha katikati ya somo, umeme hukatika usiku wa kuwasilisha kazi. Na zaidi ya yote kuna mtihani. Nenda kwenye kituo cha mkoa cha Chuo Kikuu Huria msimu wa mitihani uone. Mlangoni kuna muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, sare bado iko mwilini, imefunikwa kwa kitenge. Kuna askari aliyeazima kalamu. Kuna mzee mwenye miwani anayesoma muhtasari wake kwa kuuweka mbali na macho. Vitambulisho vinakaguliwa kimoja kimoja, simu zinaachwa nje, karatasi zinafunguliwa mbele ya wote. Chumba hicho ndicho kinachoifanya shahada ya hapo iwe shahada, na kadiri programu za kuandikia majibu zinavyozidi kuwa hodari, ndivyo thamani ya chumba kinachosimamiwa inavyopanda. Kwa hiyo umbali usipimwe kutoka nyumbani hadi makao makuu ya chuo. Upimwe kutoka nyumbani hadi kwenye chumba cha mtihani. Mtu wa Sumbawanga anaweza kusoma chuo cha Dar es Salaam bila shida ikiwa mtihani uko Sumbawanga. Akilazimika kusafiri siku mbili kila muhula, nauli na ruhusa zitamchosha kabla ya masomo.

Hapo ndipo tunapofikia pingamizi zito kuliko yote, lile linalosemwa kwa sauti ya chini kwenye ofisi za waajiri: shahada ya aina hii ni ya wale waliokosa nafasi ya kweli. Sitalijibu kwa kulaumu dharau ya waajiri, maana baadhi yao wana sababu. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ulipotangazwa, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, sehemu kubwa vikiwa vya sekondari. Baada ya jambo kama hilo, mwajiri anayetilia shaka karatasi anafanya kazi yake. Lakini namba ile inaunga mkono upande wangu. Watu wale hawakuchukua njia ndefu ya kusoma usiku kwa miaka mitano. Waliikwepa. Mahali ambapo mtu mzima haoni mlango halali unaoendana na maisha yake, watu wa milango haramu hupata wateja, na wapo wengi hata leo wanaotangaza shahada kwa uzoefu, bila mtihani, ndani ya miezi sita. Mlango halali ukiwa mpana, biashara hiyo inakosa wateja wake. Ama dharau, huisha kwa njia moja tu, nayo ni wahitimu kuonekana kazini wakiweza. Kila chuo kinapolegeza kipimo ili kiongeze idadi ya wanaohitimu, kinawaharibia jina wale waliokwisha kuhitimu kwa haki, na wao hawana pa kwenda kulalamika.

Ndugu zetu walioko Marekani wanalikuta suala hili kwa sura nyingine. Wengi walifika huko wakiwa na mwaka mmoja au miwili ya chuo cha nyumbani, wakaingia kwenye kazi za kutunza wazee na za maghala, zamu za usiku. Kule kuna vyuo vilivyoundwa mahususi kwa mtu wa namna hiyo. Excelsior ya jimbo la New York ilianza mwaka 1971 ikiwa mpango wa shahada za nje, Thomas Edison State ya New Jersey mwaka 1972, na Charter Oak ya Connecticut mwaka 1973. Kazi yao kubwa ni kukusanya krediti kutoka vyuo mbalimbali na mitihani ya kujipima, kisha kumwonyesha mtu kilichobaki. Hati ya nyumbani hupitishwa kwanza kwa wakala wa kutathmini vyeti vya kigeni, na hapo ndipo maelezo ya kozi yanapohitajika kuliko kitu chochote. Kando ya vyuo hivyo, kuna utitiri wa vinavyofanana navyo kwa jina na tangazo, visivyo na ithibati inayotambuliwa na Wizara ya Elimu ya kule. Mtu anayepanga kurudi ahakikishe pia kwamba shahada atakayorudi nayo itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu hapa, na alijue hilo kabla ya kulipa dola ya kwanza.

Wapo pia watakaosema umri umekwenda: mtu wa miaka hamsini shahada ataifanyia nini, na miaka ya kustaafu inaonekana? Kwa hesabu ya mshahara peke yake huenda wana haki, na anayetafuta mshahara tu na afanye hesabu hiyo kwa uaminifu kabla ya kuanza. Lakini wengi wa watu hawa maji wameshayavulia nguo. Walianza, na jambo lililoanzwa lina deni lake. Nimewaona watu wakitaja mwaka waliouachia masomo kama mtu anavyotaja mwaka wa msiba. Deni hilo halilipwi kwa karatasi ya kununua, kwa sababu mwenye nalo anajua alichokisoma na asichokisoma. Ndiyo maana nawasihi wenye vyuo wasituhurumie kwenye kusahihisha. Watuhurumie kwenye ratiba, kwenye ada, kwenye barua zinazojibiwa kwa wakati. Mtihani watuachie kama ulivyo.

Nawe mwenye bahasha, itoe leo. Andika barua kwa chuo chako cha zamani uombe maelezo ya kozi ulizosoma, kwa kuwa kila mwaka unaopita kuna jalada linalopotea na karani anayestaafu. Hakikisha chuo unachokitaka kimo kwenye orodha ya vyuo vyenye ithibati inayotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu. Kisha nenda ukiwa na maswali manne yaliyoandikwa: krediti zangu ngapi zimechukua nafasi ya kozi za lazima, nina miaka mingapi ya kumaliza, mtihani nitafanyia wapi, na nikinyamaza nani atanitafuta. Subiri majibu ya maandishi. Ada ya kwanza ilipwe baada ya hapo.